Nguo Isiyofukizwa

Nairobi, 14 Januari 1998

Abaayo Madino, dada yangu,

Assalamu alaikum. Natumai wewe na shemeji Mursal hamjambo na saumu inawaendea vizuri. Mimi nafungia bwenini, Msomali peke yangu kati ya wasichana thelathini. Wananificha mandazi yao chini ya mito, wakidhani nikiyaona nitaanguka. Nimewaambia wale tu mbele yangu.

Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu, maana Kisomali tulifundishwa kukisema, kukiandika hatukufundishwa. Tena ami yetu, Adeer Nuh, hawezi kusoma Kiswahili, kwa hiyo naweza kusema nitakavyo.

Sasa nisikilize. Mtihani wetu wa mwisho ni filamu, na kundi letu limepewa filamu ya kutisha ya mtindo wa kizamani wa Ulaya: jumba la mawe, mishumaa, ukungu, mlango unaolia, na mfu asiyekubali kufa. Jumba tumelipata Limuru, la mkulima mmoja wa kizungu aliyekwisha kuondoka. Odera, kijana wa Siaya anayependa kusikia sauti yake, ndiye mwongozaji na mwandishi. Katika hadithi yake, mjane alikufa kwa huzuni humo ndani, naye hujitokeza kila vijana wanapoingia kujikinga mvua. Mumbua, rafiki yangu wa kitanda cha juu, ndiye mjane. Mimi nimepewa mavazi, uso na nywele.

Odera alitaka mjane avae nyeusi kuanzia utosini. Nikasema kwetu mjane huvaa nyeupe. Mwalimu akasema, “Huyo ndiye tunayemtaka.” Basi nimejitia kitanzi mwenyewe, kwa sababu sijui hata pa kuanzia. Wewe umewapamba maarusi wote wa Garissa, dada yangu. Nifundishe kumpamba maiti. Nataka nguo nyeupe isiyoonekana mpya, uso, nywele, kila kitu.

Usidhani ni mchezo. Filamu inakabidhiwa tarehe kumi na saba Aprili, na nikifeli hakuna kurudia. Unakumbuka maneno ya Adeer: mwaka mmoja tu, na nikirudi bila cheti nitakaa nyumbani nitafutiwe mume. Unakumbuka pia Mursal alivyosimama mbele ya wazee akasema, “Mimi ndiye mdhamini wake.” Sitaki aje kucheka kicheko cha aibu kwa ajili yangu.

Mwambie barua zangu mbili hajajibu. Ng'ombe hawana haraka ya kuuzwa, aketi aandike.

Wako mtundu,
Fowsiya


(Haikutumwa)

Garissa, 22 Januari 1998

Fowsiya,

Mursal amefariki. Nimeandika, nimeona linaandikika.

Alifariki Jumanne tarehe tisa Desemba. Alikuwa ametoka Rhamu na ng'ombe, mvua zikamfungia njiani, ng'ombe wakaanza kutupa mimba na kufa mmoja mmoja. Alimchinja mmoja aliyekuwa akikata roho ili nyama isipotee. Alifika nyumbani kwa miguu, na homa. Siku ya nne damu ikamtoka puani. Daraja lilikuwa limefunikwa na maji, hata daktari wa upande wa pili asingeweza kuvuka.

Siku ya saba baada ya mazishi Adeer Nuh alikuja akasema mdhamini amekufa, kwa hiyo msichana arudi. Nikamwomba usiambiwe mpaka eda yangu iishe. Alikubali kwa sababu hapakuwa na gari la kukuleta, si kwa sababu ya maneno yangu. Eda yangu inaisha tarehe kumi na sita Aprili. Filamu yako ni tarehe kumi na saba. Nimehesabu mara nyingi kwa vidole, kana kwamba ikirudiwa itaongezeka.

Alio wa lori nimemwapisha asikuambie, na asimwambie mtu anayejua bweni lako liko wapi. Ukijua utakuja, nakujua. Na ukija, Adeer hatakuachia urudi.

Unanitaka nikufundishe mjane anavyoonekana. Kioo changu nimekigeuzia ukutani, lakini nadhani najua.

Barua hii siitumi.

Madino


Garissa, 23 Januari 1998

Mdogo wangu,

Wa alaikum salam. Barua imefika, Alio ameileta ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Sisi hatujambo. Mursal yuko upande wa Rhamu, njia zimeharibika, na unamjua akiwa na mifugo hana mkono wa kushika kalamu. Usimsumbue kwa barua, soma.

Sasa kazi. Kwanza uso. Msimpake unga mweupe, ataonekana kama mtu aliyetoka kinuni. Uso wa huzuni si mweupe, ni uso usiong'aa. Tumia qasil, ule unga wa majani ya mkunazi ninaowapaka maarusi ili wang'ae. Arusi hupakwa akaoshwa. Huyo wenu mpake, ukauke, kisha uufute kwa kitambaa kikavu bila maji. Kitabaki kivuli cha kijani kwenye mashavu na pembeni mwa pua. Nimekufungia kopo moja.

Macho. Najua Odera wenu atataka weusi mzito kuzunguka jicho. Mwambie hapana. Mtu aliyelia macho yake huwa mekundu pembeni na kope za juu huvimba. Wanja hana. Mjane hapaki wanja, wala hina, wala hagusi marashi mpaka eda iishe. Ukimpaka wanja hata mtoto wa miaka sita atakucheka.

Nywele. Msizisimamishe. Nywele za mjane hulala, kwa kuwa hazina mafuta na hakuna aliyekuja kuzisuka. Msuke huyo Mumbua vizuri, kisha mwache siku kumi asiguse. Mizizi italegea na vinywele vitatoka kwenye msuko. Hakuna mkono wa msusi unaoweza kuigiza jambo hilo, ni siku tu.

Soma kwa bidii. Tarehe kumi na saba ni tarehe kumi na saba.

Dada yako,
Madino


Nairobi, 10 Februari 1998

Abaayo,

Idd mubarak iliyochelewa. Nimekula pilau ya bwenini, nikakukumbuka mpaka machozi, na si kwa utamu wake.

Kopo la qasil limefanya kazi. Siku ya kwanza tulilikosea, tukapaka nene, Mumbua akacheka na uso ukapasuka vipande vikaanguka kwenye daftari la Odera. Wakati huohuo Alio akafika getini kuchukua barua, akamwona. Akamwita mlinzi pembeni akamwambia, “Hii mama iko mgonjwa sana, beleka hosbitali, wacha kusimama hapo.” Mlinzi naye akataka kwenda. Siku ya pili tulifuta kikavu kama ulivyosema. Abaayo, nilisimama nyuma nikaogopa kazi ya mikono yangu.

Mumbua yuko siku ya sita ya msuko. Anaingia darasani na kitambaa kichwani, mwalimu wa hesabu anamuuliza kama ameslimu.

Na Odera tunagombana. Anataka damu mdomoni. Nikamuuliza, damu ya nini, amemuuma nani? Anasema filamu za kutisha zina damu. Nikamwambia dada yangu amesema macho mekundu tu, na sasa kundi zima likibishana linasema, “Dada wa Garissa amesemaje?” Umekuwa mwalimu wa chuo bila kulipwa.

Lakini nina swali. Kazi yako ni maarusi. Haya ya wajane umeyajulia wapi? Au umekuwa ukiwachungulia majirani madirishani?

Na mikono je? Kamera itaikaribia mikono yake anapofungua mlango. Na nguo bado. Nimezunguka madukani, nyeupe zote mpya, zinang'aa kama meno ya wanasiasa.

Mursal hajajibu hii ya tatu pia. Kweli hayupo, au ananikwepa?

Fowsiya


Garissa, 24 Februari 1998

Fowsiya,

Mikono ni rahisi. Mke wa mtu ana hina kwenye kucha. Mumewe akifa haongezi nyingine, lakini kucha hazijui msiba, zinaendelea kukua. Kwa hiyo chini, karibu na nyama, ukucha unatoka mtupu, na hina inasogea juu kidogo kidogo. Baada ya miezi miwili na nusu imefika katikati. Mpake Mumbua hina nusu ya juu tu, na mstari usiwe mnyoofu sana. Mtu akiangalia kucha za mjane anajua amekaa siku ngapi bila kuuliza.

Hayo nimeyajulia kwa kukaa na wanawake. Arusi wa leo ndiye mjane wa kesho, na wote hupita mikononi mwa msusi.

Nguo hii hapa ndani ya kifurushi. Imefuliwa mara nyingi, kwapani imeshonwa kwa uzi usiofanana, usiibadilishe. Usiipige pasi. Ukimvisha, mfunike kichwa kwanza, kisha acha upande wa kushoto uteleze, kama mtu ambaye hana wa kumwambia kitambaa chako kimeanguka.

Mursal hakukwepi. Hakuwahi kukukwepa hata siku moja. Acha kumwandikia, andika mtihani.

Madino


Nairobi, 11 Machi 1998

Kwa shemeji Mursal, kibandani kwake, soko la mifugo, Garissa

Shemeji,

Hii ni barua ya tano na ya mwisho. Naituma kibandani kwako ili Madino asiione.

Jana nilifungua kifurushi chake mbele ya wenzangu. Nikawaambia kabla ya kuona, wanuse, kwa sababu hakuna kitu kinachotoka nyumba ya dada yangu bila harufu ya unsi, ule ubani wake wa kufukizia nguo. Unajua mwenyewe. Sufuria aliyonipa ilinukia unsi, hata ugali wangu wa kwanza wa bwenini ulinukia. Basi wakasogea wote, wakanusa. Nguo ilinuka sabuni ya kipande. Nikazinusa barua zake za mwaka huu, moja baada ya nyingine. Karatasi tupu.

Mimi si mtoto. Mwanamke wa kwetu huwasha chetezo kila jioni kwa ajili ya mumewe. Akiacha kukiwasha, ana jambo na mume huyo. Na nikiuliza habari zako ananijibu sentensi moja kisha anarukia kucha na nywele. Tangu Desemba uko Rhamu. Mwanamume hakai Rhamu miezi mitatu akinunua ng'ombe tu. Umeoa.

Ni haki yako kisheria, sibishi. Miaka tisa hamjapata mtoto, na najua maneno yanayosemwa sokoni. Lakini kama umeoa, rudi umwambie usoni. Usimwache amekaa ndani ya nyumba isiyo na harufu, akiwadanganya ndugu zake ili kukufichia heshima yako.

Uliposimama mbele ya Adeer ukasema wewe ndiye mdhamini wangu, nilikuhesabu kaka. Leo nimeona haya kwamba nilikuhesabu. Cheti nitakipata, na sitakuletea wewe.

Fowsiya binti Korane


Garissa, 19 Machi 1998

Fowsiya,

Barua yako kwa Mursal imefika kwangu. Alio aliniletea bila kuniangalia, akaiweka mlangoni juu ya kiatu, akaondoka kabla sijamkaribisha. Nilipoona jina kwenye bahasha nilijua kwa nini.

Kaa kitandani kabla ya kuendelea kusoma.

Mursal hakuoa. Mursal alifariki tarehe tisa Desemba, kwa ile homa ya mifugo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikufa nyumbani, kichwa chake kikiwa pajani pangu. Alikutaja. Alisema, “Msichana asirudishwe,” akasema mara mbili, ndiyo maana nimefanya nilivyofanya. Sikukuficha kwa kukudharau. Adeer alitaka kukuita siku ya saba, nami nimekuwa nikimzuia mpaka eda yangu iishe, siku moja kabla ya filamu yenu. Ukija sasa nitakuwa nimemzuia bure.

Pua yako haikukosea. Chetezo sijakiwasha kwa sababu mjane haruhusiwi manukato. Umekosea sababu tu.

Nguo ile si ya sokoni. Ninazo mbili, moja navaa, moja nafua. Nimekutumia moja. Sijui kama nilifanya vizuri. Nimekaa kati ya kuta nne tangu Desemba, natembea kutoka jikoni hadi kitandani, kutoka kitandani hadi jikoni, nasikia mbuzi wa watu, nasikia Land Rover za misaada zikienda Dadaab, kila kitu kinakwenda mahali. Nikasema mimi siwezi kutoka, basi itoke nguo yangu ikaone huo ukungu wa Limuru.

Hayo uliyomwandikia hayakumfika. Usiyabebe.

Usije.

Madino


Nairobi, 27 Machi 1998

Abaayo yangu,

Sijui niandike nini. Nimemtukana maiti. Nimemwita msaliti mtu aliyekufa akinitaja. Unasema nisiyabebe, niyaweke wapi?

Nazisoma upya barua zako na kila mstari unanichoma. “Kucha hazijui msiba.” Nami nikajibu kwa mzaha wa meno ya wanasiasa. Ulikuwa unajiangalia mwenyewe ukiniandikia, kipande kwa kipande, na mimi nikachukua kila kipande nikakifanya zimwi. Vijana wanamwona Mumbua ndani ya nguo yako wanakimbia wakianguka kwenye ngazi. Odera anafurahi. Mimi ndiye niliyekutengeneza hivyo.

Na bado hujasikia la mwisho. Bado tukio moja halijapigwa. Vijana wanamfungia mjane ndani ya chumba, wanapigilia mlango misumari, wanalichoma jumba. Tutatundika nguo kwenye fremu ya mbao, tuimwagie petroli, kamera ione inavyoungua. Hiyo ndiyo Odera anataka watu waipigie makofi. Wiki mbili zilizopita niliona ni wazo zuri sana. Mimi mwenyewe nilipendekeza upande wa kushoto ushike moto kwanza.

Nimewaambia sitaki tena. Wamekasirika, na wana haki, maana mtihani ni wa watu sita. Nimefunga mkoba. Alio anaondoka Jumatano. Nitakuja nikae na wewe, Adeer aseme atakalo. Cheti cha nini kwangu sasa?

Naomba unijibu kabla ya Jumatano, au usinijibu, nitakuja tu.

Fowsiya


Garissa, 30 Machi 1998

Fungua huo mkoba.

Nimemwambia Alio asikupakie. Amesema hata ukilia hakupakii, na ukija kwa basi atakurudisha kwa lori. Nimeandika usiku na taa ya kandili, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Adeer Nuh alikuja jana. Amesikia kwamba umeambiwa. Alikaa upande wa pili wa pazia, akasema sasa hakuna sababu ya kungoja, akuite. Nikamwambia, “Adeer, mume wangu alikuwa na neno moja tu la kuacha, na alilisema mbele ya mashahidi wawili. Ukilivunja kabla sijavua nyeupe, utaniambia na mimi nisikae eda, kwa kuwa wote tunavunja.” Kisha akaomba chai. Kwa hiyo usiniharibie, nimekwisha kupigana.

Sasa habari ya mjane wenu. Unasema umenifanya zimwi. Wewe mtoto, unadhani sikuwa? Wanawake wanaokuja kunipa pole hawakai zaidi ya kikombe kimoja. Maarusi wawili wa mtaa huu wamepambwa na mtu mwingine, na mama zao wamewazungusha njia ya nyuma ili wasipite mlangoni kwangu. Mke yeyote akiniangalia anamwona mumewe amelala chini. Mjane hutisha, huo ndio ukweli, na nyinyi hamkuusema uongo. Mwache atishe. Kazi yako ya uso na mikono nimeisikia kwa Alio, anasema alipomwona kwa mara ya pili alisoma Ayatul Kursi. Nimefurahi. Ni mara ya kwanza tangu Desemba kufurahi kwa jambo, nami sitaki ulifute.

Lakini hilo la misumari na petroli, mwambie Odera dada wa Garissa amesema hapana. Mwanamke aliyekwisha kufungiwa humfungii tena, hapo hakuna hofu wala hadithi. Fungueni mlango. Atoke, apite katikati yao, ashuke ngazi, aende zake. Asiwaangalie hata mmoja. Huko ndiko watakapoogopa, maana hawajui anakwenda wapi.

Madino


Nairobi, 9 Aprili 1998

Abaayo,

Alio yuko getini anapiga honi, kwa hiyo ni mistari michache. Nimebaki. Odera alinuna siku mbili, siku ya tatu akaja akasema, “Mlango tunaufungua kwa ndani au kwa nje?” Nikajua ameshindwa. Tumepiga jana alfajiri. Mumbua alishuka ngazi akaingia kwenye ukungu, na mpiga picha akasahau kuzima kamera, akabaki anapiga ukungu peke yake.

Filamu itaonyeshwa Jumamosi tarehe tisa Mei kwenye ukumbi wa chuo. Eda yako itakuwa imekwisha. Sitakulazimisha.

F.


Garissa, 13 Mei 1998

Mdogo wangu Fowsiya,

Nimefika salama. Barabara imekaa kama meza iliyovunjika miguu, lakini Alio ananipakia mbele kama mama yake, hata simlalamikii.

Kwanza la Adeer. Nimempa karatasi yako ya matokeo. Aliishika juu chini, akaigeuza, akaniuliza mhuri ni wa serikali? Nikasema ni wa chuo. Akasema, “Haya.” Kisha akauliza wanalipwa ngapi kwa mwezi, watu wa bicha. Habari ya mume hajaitaja. Mkataba wako na yeye umekwisha, nami nakuomba usimwandikie maneno ya ushindi, mwandikie salamu tu.

Sasa lile nililokuja kukuandikia, ambalo sikuweza kukuambia pale, kwa sababu wenzako walikuwa wanakukumbatia na kila mtu anataka kunisalimu “Dada wa Garissa.”

Uliniweka mstari wa tatu, karibu na mama yake Mumbua, ukaenda nyuma kwenye mashine. Kwa hiyo hukuniona. Mimi sikuwahi kuingia ukumbi wa sinema maishani mwangu. Taa zilipozimwa nilishika mkono wa kiti. Likaja lile jumba, ikaja mvua, wakaja vijana wajinga wakiongea sana. Kisha mkono ukatokea kwenye kitasa, na kucha zake, nusu hina. Watu wakaanza kuguna. Mlango ukafunguka akasimama, na nguo yangu, na kitambaa kimeteleza upande wa kushoto. Ukumbi ukapiga kelele. Msichana wa mbele yangu alipanda juu ya kiti.

Mimi sikuogopa. Nilitaka kusimama nimpe nafasi akae.

Fowsiya, alipofariki Mursal nyumba ilijaa watu saa hiyohiyo. Wanawake walinishika mabega, wakaniambia subira, subira, Mungu hapendi sauti ya mwenye kulia. Wanasema kweli, ndivyo tulivyofundishwa. Machozi yalikuwa yanatoka, sauti nikaimeza. Siku zile zote za eda nimeimeza, kwa sababu ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, na nikikohoa wanajua.

Basi pale ukumbini, aliposhuka ngazi na kuwapita wale vijana, watu wote walikuwa wanapiga kelele. Wanaume pia. Nikafungua mdomo nikalia kwa sauti. Nililia kama mtu aliyepewa habari dakika ile. Nilimwita jina lake. Hakuna hata mmoja aliyegeuka, hakuna aliyeniambia subira, kwa sababu nilikuwa mmoja wao tu, mwanamke mwingine anayelia gizani. Nililia mpaka akaingia kwenye ukungu, na ule ukungu mliousahau ukakaa muda mrefu, nikaendelea kulia mpaka taa zikawashwa.

Mama yake Mumbua akanigeukia, akanipa leso yake. Akanipapasa mgongo, akaniambia, “Bole, mama, usiogope. Si kitu cha kweli. Yule ni binti yangu.” Nadhani alisema “pole,” lakini nilisikia kwa masikio ya nyumbani, yasiyojua p. Nikamshukuru, nikafuta uso.

Leso imebaki kwangu. Nimeifua, nitampa Alio ailete.

Dada yako,
Madino